Meneja Aliyependa Kusalimia

Wapendwa, kulikuwa na meneja mmoja wa kiwanda cha mikate, kiwanda kidogo tu cha kuwauzia wenye vibanda vya chai. Niseme mapema msije mkamchukia: alikuwa mtu mwema. Kuna mabosi wakiingia kazini utadhani wamekuja kukamata watu. Huyu kila asubuhi alizunguka kiwanda kizima akisalimia, kuanzia wanaokanda unga hadi mlinzi wa getini. Habari za nyumbani, watoto wazima? Akijibiwa nzuri, anampigapiga mtu begani na kusonga mbele. Kwa miguu yake ile myepesi, chai yake ilikuwa haijapoa keshamaliza wote, na moyoni anajiambia, mimi watu wangu nawajua.

Siku moja akaamua kazi ianze alfajiri, ili mikate iwahi vibandani. Akawaita wote, akawaeleza, akauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Akafurahi kwamba wameelewana. Hivi, nanyi mngembishia bosi mbele za watu?

Tangu hapo, mama mmoja aliyekuwa hodari wa kukanda kuliko wote akaanza kuchelewa. Akichelewa yeye, unga unachelewa kuumuka, na mikate inafika vibandani watu wameshakunywa chai yao kwa mihogo. Wateja wakaanza kuhama. Mwenye kiwanda akachoka, akaagiza mama yule aachishwe kazi Ijumaa. Meneja alimtetea weee, akagonga mwamba. Na alimpenda kama dada yake. Mkewe alipojifungua, mama huyu ndiye aliyempikia uji. Ilimuuma sana.

Ijumaa akamwita pembeni, penye magunia ya unga. Alikwenda na huzuni, ilipofika mdomoni ikawa hasira.

"Dada yangu, kama una shida si ungeniambia? Kila siku nakuuliza habari za nyumbani, unanijibu nzuri."

Mama akafuta mikono kwenye aproni, asijue acheke au alie.

"Bosi, mimi nakujibu nzuri, ila. Kila siku nasema nzuri, ila. Nikifika kwenye ila, wewe umeshafika kwa wachoma mikate."

Wapendwa, si ndivyo tulivyolelewa? Mtu ana msiba ndani, ukimuuliza habari atajibu kwanza njema. Ndiyo adabu. Ukitulia kidogo ndipo atakuambia, njema, ila baba ametutoka. Meneja alizaliwa papa hapa, desturi hii anaijua tangu utotoni. Miguu tu ndiyo ilimponza.

Akajikalia juu ya gunia, suruali yake nyeusi ikawa nyeupe.

"Haya, dada. Leo siendi popote. Malizia."

Kumbe mama huyu alikuwa akimuuguza mama yake mzazi aliyepooza, na binti anayeshinda naye huja kukishapambazuka. Angemwacha na nani alfajiri? Ni hilo tu! Na pale pale kiwandani palikuwa na zamu ya mchana ya maandazi, ambako walikuwa wakimlilia mtu wa kukanda. Meneja akainuka na suruali yake ile ile, akaenda kwa mwenye kiwanda kusema kwamba kosa ni lake yeye. Mama akabaki kazini, zamu ya mchana. Lakini fikirini, ilibaki kidogo tu apoteze riziki, na aliyekuwa anampokonya ni mtu anayempenda.

Msimcheke. Sisi tulio na watu chini yetu, kazini, dukani, kwenye kwaya, nyumbani, tunauliza huku tunatembea. Mke anasema salama, ila. Tumeshafungulia taarifa ya habari. Mtoto anasema shule nzuri, ila, tumeshamwambia akaoge. Halafu mambo yakiharibika tunalalamika kwamba hatukuambiwa. Je, Mungu angetusikiliza hivyo tungekuwa wapi? Tunapiga magoti, tunasema asante Baba kwa uzima, tunashusha pumzi, ndipo tunasema ila. Na tunamkuta bado yupo.

Sasa hivi tutatoka, na pale mlangoni tutapeana mikono. Utamuuliza mwenzako habari, naye atakujibu nzuri. Usimwachie mkono.