Pea Moja, Masikio Sita

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana simu zilikuwa zingali na tundu la kuchomekea waya, palikuwa na bwana mmoja akiitwa Kombo. Alikuwa na wake wawili, mama mmoja na mashine moja ya kusaga unga. Mke mkubwa ni Mwatumu, mke mdogo ni Riziki, na mama yake ni Bi Msimu. Nitaanza na Mwatumu, na msiniulize kwa nini. Ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote, na mwenye hasira hakawizwi.

Mwatumu alikuwa manju wa nyimbo za harusi. Mji ule una ada yake: manju akirudia wimbo wa harusi iliyopita, wanawake humzomea, na kiti chake hupewa mwingine papo hapo. Ilimlazimu atunge kila mara. Na atunge wapi, mwenzangu, naye mchana kutwa yuko mashineni, ngurumo tupu? Alikuwa akijirekodi kwenye simu alfajiri, kisha anavaa hedifoni, zile ndogo za kutia masikioni, anajisikiliza huku anasaga, anatafuta penye kasoro. Bila hedifoni hana wimbo, na bila wimbo hana umanju.

Kombo naye alikuwa mtu wa haki, au ndivyo alivyojisifu. Akimnunulia mkubwa kanga, mdogo naye kanga ile ile, maneno yale yale. Hedifoni alinunua pea mbili za rahisi, rangi moja. Za Mwatumu zikazibwa na unga. Za Riziki zikafa upande mmoja. Akanunua tena mbili. Zikafa. Akanunua tena mbili. Zikafa kabla hajamaliza kulalamikia bei.

"Basi!" akasema Kombo. "Nimechoka mimi. Naenda kwenye kazi ya machimbo. Nunueni pea moja, moja tu, lakini iwe ya kweli. Nikirudi nikizikuta nzima, zinasikika kama siku ya kwanza, zitakuwa mali ya yule aliyezifanya zidumu."

Akapanda gari akaenda zake. Mwanamume akitupa neno la namna hiyo kisha akaondoka, hudhani ameacha amani nyuma yake.

Mwatumu akashika njia mpaka duka la Sefu, muuzaji ambaye mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Sefu akamvisha pea ya kwanza, akamfungulia muziki wa ngoma nzito. "Sikia mdundo huo, mama! Si kifua chatikisika?"

"Kifua changu nakijua," akasema Mwatumu. "Nataka masikio." Akachomoa simu ya Sefu, akachomeka yake, akasikiliza wimbo wake mwenyewe, wenye makofi, upatu na waitikiaji nyuma. Pea ya kwanza, ngoma imemeza maneno. Akairudisha. Pea ya pili, upatu unalia kama kijiko ndani ya bati. Akairudisha. Pea ya tatu, waitikiaji wamepotea wote. Akairudisha. Ya nne, akafumba macho. Kila kofi liko mahali pake, hata bibi mmoja aliyekohoa katikati ya ubeti alisikika. Hapo ndipo alipoanza kukagua: akapinda waya pale unapoingia kwenye chuma, maana zote hufia hapo shingoni, akavuta, akabadili vile vipira vya masikioni mpaka akapata vinavyokaza, akatikisa kichwa kama mwenye mashetani.

"Mama," akasema Sefu, "unanunua hedifoni au unaposa?"

"Naposa," akasema Mwatumu. "Na nimeshaachika mara nyingi."

Akazileta nyumbani. Zikasikika mashineni, ngurumo ikabaki nje. Akatunga. Siku moja akazitundika kwenye msumari karibu na mkanda wa mashine, akatoka kumpimia mteja. Riziki alikuwa ameshamwambia, "Dada, msumari huo si mahali pake." Mwatumu hakusikia. Upepo wa mashine ukaupeperusha waya, mkanda ukaudaka. Riziki akaruka, akaukamata waya, akauchomoa. Hedifoni zikatoka salama. Kidole chake cha shahada hakikutoka salama. Kilipona kimepinda, na hakinyooki tena mpaka leo.

Mwatumu akamshukuru, akamfunga kidonda, akampikia. Lakini umanju wake haukuacha kumlilia, na hedifoni hakuzitoa.

Na palikuwa na donda jingine ndani ya nyumba ile, la zamani kuliko hedifoni. Kila asubuhi Mwatumu alipita mbele ya mama mkwe, kichwa ameinamisha kama mke aliyelelewa, sauti chini, kwa heshima na kwa kuilinda sauti yenyewe. "Shikamoo, mama." Kimya. Akija Riziki, huyo hupiga ukelele kama anayeita mbuzi: "Shikamoo, mama!" "Marahaba, mwanangu." Jamani! Kila siku Mwatumu alimeza. Miaka mingapi mtu humeza? Alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mama mkwe ana ubaguzi, na kwamba shikamoo yake imeota kutu.

Basi siku moja akarudi kisimani, asizikute hedifoni alipoziacha. Akatafuta. Akamkuta Bi Msimu ameketi kwenye mkeka, hedifoni masikioni, waya unaning'inia shingoni, simu ya Mwatumu mapajani, sauti ameipandisha mpaka mwisho, macho ameyafumba.

Hapo Mwatumu akaisahau heshima na akaisahau sauti yake. "Mama! Salamu yangu huitaki, ila vitu vyangu wavitaka?"

Bi Msimu akafumbua macho. "Huyu anayeimba ni nani?"

"Ni mimi, mama! Nani mwingine?"

"Wewe?" Bi Msimu akamtazama. Naye akakasirika. "Una sauti kama hii, na tangu umeingia nyumba hii hujaniamkia hata siku moja? Mwenzio huniamkia. Wewe huja, huinama, hupita. Nimekukosea nini?"

Bi Msimu alikuwa hasikii. Alikuwa hasikii siku nyingi, akaficha, kwa kuogopa watoto wa mtaani wasimfanye mchezo. Waliopaza sauti aliwasikia, walioinua uso aliwasoma midomo. Aliyenong'ona kwa adabu huku ameinama, huyo alikuwa kwake mtu asiye na adabu. Mwatumu akalia kwa hasira, ila hakujua amkasirikie nani. Tangu siku hiyo akawa anamrekodia shikamoo pamoja na nyimbo zake, na mama anaisikia kwa hedifoni.

Akarudi Kombo kutoka machimboni. Akachomeka, akasikiliza. Nzima, kama siku ya kwanza. "Haya," akasema, "nani kazifanya zidumu?"

"Mimi," akasema Mwatumu. "Kitu hudumu tangu kinapochaguliwa. Mwenzangu angeokoa nini, kama ningeleta zile za kufa kesho? Na harusi ya binti wa muuza mbao imekaribia, wimbo haujakaa sawa. Nikikosa hizi, nakosa kiti changu."

"Ni mimi," akasema Riziki, akanyanyua kile kidole. "Ulizichagua, dada, kisha ukazitundika zife. Zimedumu kwa hiki. Na niseme jingine. Tangu niolewe sijapata kitu ambacho mwenzangu hana. Kanga yangu ni yake, sufuria yangu ni yake. Nataka kimoja kiwe changu."

Bi Msimu akatazama midomo yao, kisha akasema, "Mimi sikuzichagua wala sikuziokoa, na nilizichukua bila kuomba. Zichukueni tu. Lakini kabla ya kuzisikia sauti zenu kwa hizi nilikuwa nimesahau nyumba yangu ina watu. Mkiziondoa mjue mnaondoa nini."

Kombo akajikuna kichwa, kisha uso ukamnawiri kwa haki yake ile. "Mgawane! Mwatumu upande wa kulia, Riziki wa kushoto, na mama nampa Ijumaa."

"Upande wa kulia?" akafoka Mwatumu. "Niimbe kwa sikio moja, niolewe kwa sikio moja?"

"Nusu tena!" akasema Riziki. "Hata zawadi ya kidole changu ni nusu?"

"Na siku nyingine mimi niwe maiti?" akasema Bi Msimu, ambaye safari hii alisikia vizuri kabisa.

Kombo akaona amebanwa. Mnajua alifanya nini bwana yule wa haki? Alimtia Mwatumu hedifoni kiganjani. "Wewe ndiye hodari wa kuchagua," akasema. "Basi chagua na hili." Akachukua ndoo, akaenda kuoga.

Aliyeleta mashtaka ndiye kafanywa hakimu! Akijipa mwenyewe, ataambiwa kajipendelea, na atampita mama mkwe kama zamani, shikamoo anayompa irudi kuwa hewa. Akimpa Bi Msimu, kidole cha Riziki kimepinda bure. Akimpa Riziki, ataingia harusini na wimbo wa mwaka jana, azomewe na wanawake aliowafundisha kuitikia.

Na nyinyi msinijie na jibu la Kombo, la mgawane, kwa maana Kombo mpaka sasa anajipakulia chakula mwenyewe. Wala msiniambie zinunuliwe nyingine: Sefu amehama na duka lake, na waliobaki mjini wanauza zile za kufa shingoni. Jibu liwe moja, la mtu mmoja.

Mwatumu kasimama uani, kiganja wazi. Mmoja kazichagua, mmoja kaziokoa, mmoja zimemrudisha kwa watu. Semeni basi, nyinyi mnaojua haki kuliko Kombo: hedifoni zile ni za nani?