Frasila Arobaini za Sultani Harithi

Hapo zamani, enzi ambazo ukubwa wa mtu ulipimwa kwa wingi wa waliomkokota, palikuwa na Sultani Harithi, mwenye tumbo lake mwenyewe na akili ya kuazima. Gari lake la mbao lilivutwa na mahamali wanne, na kiongozi wao alikuwa Feruzi, fukara ambaye kanzu yake ilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa.

Gari lilikuwa zito kuondoka. Kila lilipojikokota, Sultani alipandisha mtu wa kulihimiza: kwanza mpiga ngoma, kisha mshika kiboko, kisha msifu, na mwisho mwanachuoni wa kupiga hesabu kwa nini linazidi kuchelewa. Wote walikaa juu ya gari hilohilo. Ndiyo desturi ya jumba lile, tatizo likikua huongezewa mheshimiwa.

Basi ikawa Sultani anatarajia wageni, akamwita Feruzi. "Ijumaa, gari likitoka langoni, lishike kasi maradufu ya siku zote. Hamali asiongezwe hata mmoja, na gari lisiguswe hata msumari. Mkishindwa, mtachapwa fimbo mia kila mtu, na mji huu mtauhama."

Feruzi akawakumbuka wenzake, mmoja mkewe yu karibu kujifungua, naye akainama. "Maulana, nguvu zetu ni zilezile. Naomba ruhusa nipunguze shehena mpaka kasi itimie."

Sultani akakubali mbele ya kadhi, huku akicheka, kwani hakuna aliyepata kumwambia kuwa naye ni shehena.

Ijumaa Feruzi akaleta mizani ya forodhani. Gari tupu, frasila kumi na mbili. Wapambe wanne, kumi na sita. Sultani peke yake, kumi na mbili, na alikuwa hajanywa chai. Jumla arobaini.

"Wavutaji ni walewale," akasema Feruzi, "basi kasi ikiwa maradufu, uzito uwe nusu. Ishirini."

Mwanachuoni akahesabu kwa vidole, akaona ni kweli, akanuna kwa kuwa hakuisema yeye. Akateremshwa wa kwanza, wenziwe wakafuata.

"Zimebaki ishirini na nne. Bado nne, Maulana."

"Ng'oa magurudumu."

"Gari lisiguswe hata msumari, ndivyo ulivyoamuru."

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akatazama makubadhi yake.

"Basi nipunguzeni mimi hizo nne," akanong'ona Sultani.

"Tungeweza, Maulana, ila hatujui tuanze kukata wapi."

Akashuka. Mahamali wakavuta mara moja, gari likachomoka langoni hata wageni wakaruka pembeni, na kadhi akathibitisha kuwa amri imetimia na zaidi. Hapakuwa tena na wa kuchapwa.

Wageni walipomwona mtu mnene anahema nyuma ya gari, jasho likimtiririka, wakadhani ni hamali mvivu, wakamtwika mizigo yao. Feruzi akageuka, akamwuliza kwa adabu zote kama apandishiwe mpiga ngoma wa kumhimiza.