Kibaba cha Juu

Paukwa!
Pakawa!
Ghala?
La mbegu.
La nani?
La wote.
Ndiyo maana lilibaki tupu. Haya, sikilizeni.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na ghala la mtama, na mtunzaji wake alikuwa Bi Nungunungu. Mvua ikikaribia, kila mnyama alikopa kapu la mbegu. Akivuna, alirudisha kapu na kibaba kimoja juu yake. Kibaba hicho kilifidia mbegu zilizoliwa na fukusi na kumlipa mwezekaji wa paa. Miaka ikapita, ghala halikupungua.

Siku moja Kima akaitisha baraza, akasema kibaba hicho kinamnenepesha Nungunungu tu. Bi Nungunungu akaeleza habari za fukusi, akaeleza habari za paa, akaeleza mpaka mate yakamkauka. Makofi yakapigwa, lakini alipigiwa Kima. Kibaba kikafutwa.

Mavuno ya kwanza, makapu yakarudi bila kibaba. Fukusi wakala fungu lao kama kawaida. Wao hawakuhudhuria baraza.

Mavuno ya pili, Ngiri hakurudisha kitu. Mtama wote aliupikia pombe ya harusi ya bintiye. Akalia, akaonewa huruma, akasamehewa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Safari hii matanga yakawa ya ghala.

Mavuno ya tatu, wote wakaja mikono mitupu, wakalia. Kanga akauliza, ikiwa Ngiri kasamehewa, yeye ni mtoto wa kambo? Bi Nungunungu alichoka, jamani. Alichoka hadi miiba ikamlala mgongoni.

Mvua ikanguruma. Kima akaja wa kwanza na kapu lake. Ghalani akakuta kapu moja tu, la Bi Nungunungu, limegeuka vumbi la fukusi, na kibuyu kimoja kilichozibwa. Ndani mlikuwa na vibaba vitatu vya mbegu. Bi Nungunungu naye alikopa kila msimu, na ni yeye peke yake aliyeendelea kulipa cha juu.

"Shangazi, nikopeshe hizo," Kima akasema. "Nitarudisha na kibaba juu. Hata viwili."

"Maneno hayo ulikuwa umeyaficha wapi siku ya baraza, mwanangu?"

Hakumpa. Mbegu zile zikapandwa kwenye shamba moja la ghala. Ngiri akachimbua, Kima akapalilia, Kanga akafungwa mdomo asidonoe. Mwaka ule walikula mizizi, na watoto wa Bi Nungunungu, wasio na kosa, walikula mizizi hiyo hiyo.

Mtama ulipovunwa, hakuna aliyegawiwa hata punje. Wote ukaingia ghalani uwe mbegu, na kibaba kikarudi. Baraza halikuitishwa.

Basi jueni: mkopo usiorudi na cha kuutunza humla mkopaji wa kesho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ndicho kilichojaza ghala.

Ngano yangu imekwisha. Aliyeikopa airudishe, na kibaba juu.