Matundu Matatu ya Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Zamani, wanyama walipokuwa wakioka mikate, aliishi Nungunungu. Nungunungu, si Kalunguyeye. Msiwachanganye, kila mmoja ana jina lake.

Nungunungu alioka mkate wa mtama. Kila mkate aliutoboa kwa miiba yake: tu! tu! tu! Matundu matatu. Ukiyaona, umejua ni wake. Alama hiyo aliichapa kwenye ukuta wa udongo wa Mzee Kobe, mtunza alama, na hakuna aliyethubutu kuiiga.

Siku moja Ngedere akavuka mto, akaja.

"Shikamoo, Bi Nungunungu. Niruhusu nioke mkate wako kwetu ng'ambo. Faida tutagawana."

"Marahaba. Nimekubali. Ila chachu utaichukua kwangu, imekwisha kuchanganywa."

"Ndani yake mna nini?"

"Chachu."

"Chachu ya nini?"

"Ya mkate."

Ngedere akakuna kichwa.

Mzee Kobe akamuuliza Nungunungu, "Ng'ambo wana ukuta wao. Alama umeipeleka?"

"Babu, nani asiyenijua mimi?"

Ngedere akarudi kwao na kibuyu cha chachu. Kabla hajawasha moto, alikwenda kwa Kiboko, mtunza alama wa ng'ambo, akachapa ukutani kwa kijiti: tu! tu! tu! Kiboko akaandika: Ngedere.

Mikate ikanukia. Wanyama wakapanga foleni. Faida haikuvuka mto. Nungunungu akavuka mwenyewe.

"Ngedere, mbona kimya?"

"Kwani wewe nani? Alama ni yangu. Kamuulize Kiboko!"

Kiboko akautazama ukuta, akamtazama Nungunungu. "Huku, aliyetangulia kuchapa ndiye mwenyewe. Ukitoboa matundu matatu, mwizi ni wewe, mama."

Nungunungu akarudi kwake, na kibuyu kingine hakupeleka.

Chachu ikamwishia Ngedere. Akatia ndizi, akatia asali, akatia majivu. Wapi! Mkate ukawa jiwe, ko! ko! Fisi akauma, akatema. Fisi, jamani!

Nungunungu akavuka tena. Safari hii alianzia ukutani kwa Kiboko: tu! tu! tu! tu! Ndipo akawasha moto.

Wateja wakashangaa. "Bibi, mbona manne? Si yalikuwa matatu?"

"Yalikuwa," akajibu, akachoma mwiba wa nne.

Basi, wakubwa kwa wadogo: ukipeleka kazi yako ugenini, andikisha alama yako huko kwanza, na siri yake usimkabidhi mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tundu la nne.