Taa Zilizozimwa Mlango wa Mawe

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana mtandao ulikuwa umeshafika mpaka mapangoni, wanyama walikuwa na mchezo wao. Kaeni vizuri. Na wewe mwenye simu, iweke chini, hadithi hii inakuhusu wewe hasa.

Mchezo uliitwa Anga la Mbali. Kila mnyama alikaa kwake, akawasha kioo chake, akarusha chombo chake kati ya nyota, na wote wakakutana huko huko. Kiboko, Nyati na Kifaru walikuwa na vyombo vikubwa kama maghala. Kazi yao ilikuwa kuchimba madini nyota hii na kuyashusha nyota ile, kutwa kucha. Hao watatu ndio waliokuwa baraza, Kiboko akiwa mwenyekiti, wakitunga sheria za mchezo.

Pimbi mnamjua, yule mdogo wa majabalini, hana mkia wala pembe. Huku chini wakubwa walimpita kama hawamwoni. Lakini kule angani, jamani, Pimbi alikuwa haramia! Alikuwa na chombo kidogo kikali, akakiita Pilipili Kichaa.

Kulikuwa na njia nyembamba iitwayo Mlango wa Mawe, maana mawe makubwa yalielea huku na huku. Pimbi alijibanza nyuma ya jiwe, akazima taa. Katika mchezo ule, chombo kikizima taa hakionekani. Mzigo ukifika, chwi! Pilipili Kichaa huyo ubavuni, na Pimbi anabisha kwa adabu zote: "Hodi wenye mali! Nusu yangu, nusu yenu, na chombo nendeni nacho salama."

Hakumtukana mtu. Mgeni mchezoni hakumgusa kabisa. Kobe alipojiunga akapotea siku mbili, ni Pimbi aliyemwongoza mpaka bandarini. Mimi nampenda Pimbi, nasema wazi, na asiyempenda ashike lake.

Basi wiki moja Kiboko akaporwa mara tatu. Alikuwa amekaa mtoni na kioo chake mbele ya pua, akapiga maji kwa hasira, chubwi, mpaka uji wa mkewe ukamwagika. Akaita baraza. Nyati akasema naye kachoka. Kifaru akasema hivyo hivyo, ingawa alisema kwa sauti ya chini, sijui kwa nini.

Wakatunga sheria: kuanzia siku hiyo, atakayezima taa Mlango wa Mawe ni haramia, na haramia atafutwa mchezoni, jina na chombo, asirudi milele. Na Pimbi, kwa kuwa aliyafanya hayo zamani, afutwe Jumamosi jioni.

Habari zikamfikia Pimbi. Hakuwa na kitu kingine. Kule angani ndiko mahali pekee alipoitwa kwa jina lake. Akaenda barazani, macho yamemjaa machozi, akauliza swali moja tu.

"Wakubwa zangu, hii sheria ni ya nani?"

"Ya wote," Kiboko akajibu. "Mkubwa kwa mdogo. Hata ningekuwa mimi."

"Nimesikia. Basi naomba safari moja ya mwisho, Jumamosi asubuhi. Nitapita na taa zangu zinawaka, nimebeba mzigo kama ninyi. Nikifika, nifuteni."

Wakamkubalia. Wangemkatalia vipi mtu anayelia?

Sasa sikilizeni ujanja. Pimbi alimwendea Kiboko kwake, akamnong'oneza kwamba mzigo wenyewe ni madini yote aliyowahi kupora tangu aanze uharamia. Anayapeleka kuyaficha nyota ya mbali, atapita Mlango wa Mawe saa nne, na hiyo siri kampa yeye peke yake, kwa kuwa ndiye anayemwamini. Kiboko akamwambia aende kwa amani. Pimbi akatoka hapo, moja kwa moja kwa Nyati, maneno yale yale. Kisha kwa Kifaru, maneno yale yale.

Kila mmoja akabaki anajisemea moyoni: si wizi huo, nachukua kilicho changu. Na wenzangu hawatajua.

Jumamosi ikafika. Saa nne kasoro, Kiboko alimwambia mkewe asimwite kwa lolote, hata kama nyumba inaungua. Akaingiza ghala lake Mlango wa Mawe, akajibanza nyuma ya jiwe, jiwe lenyewe likamfunika nusu. Akazima taa. Upande wa pili Nyati akazima. Kule juu Kifaru akazima. Giza tii, kimya, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Mara Pilipili Kichaa huyo, taa zote zinawaka kama nyumba ya harusi, Pimbi anaimba. Wote watatu wakaruka kwa pamoja. Pu! Kwaa! Pu! Kiboko kamgonga Nyati, Nyati kamgonga Kifaru.

"Nani huyo?" akanguruma Kiboko.

"Nawe nani?" akauliza Nyati.

Kifaru akajaribu kurudi nyuma, akakwama. Alikuwa ameshaitambua sauti ya mwenyekiti wake.

Pimbi akawasha fataki, anga likawa jeupe pe. Na nyuma yake, kumbe, kulikuwa na msafara wa wachezaji wote, Kobe mbele, kila mmoja kawasha taa. Pimbi alikuwa amewaalika waje wamuage. Wakawaona wazee wa baraza, taa zimezimwa, wamepandana katikati ya mawe.

Pimbi akafungua mlango wa mizigo. Ndani kulikuwa na kokoto tupu.

"Wakubwa zangu," akasema taratibu, "jioni tutafutwa wanne."

Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo kundu lilionekana na dunia nzima. Wa kwanza kucheka alikuwa Kifaru. Akacheka mpaka kioo kikamdondoka, kisha akasema ukweli wake: tangu aanze mchezo huu, moyo haujawahi kumdunda kama pale alipozima taa. Na siku alizoporwa na Pimbi ndizo pekee anazozikumbuka. Zilizobaki zote zilikuwa kupakia na kupakua tu.

Nyati akakiri kwamba naye ni hivyo hivyo. Kiboko akaona aibu, akaifuta sheria kwa mkono wake mwenyewe. Badala yake wakaandika ya Pimbi: mgeni asiguswe, mtu asitukanwe, na mzigo uwe nusu kwa nusu. Pimbi akalia tena, safari hii kwa furaha, na sikumbuki kama kuna aliyemcheka.

Jumatatu asubuhi alikuwa amejibanza pale pale pake. Akasikia sauti nzito ikimwita pole pole.

"Mwenzangu Pimbi, haramia mkubwa kama mimi hujificha nyuma ya jiwe lipi?"

"Hili la kushoto ni langu, Bwana Kiboko. Wewe kalitafute kubwa, na nyuma ya chombo uivute ndani."

Nami naishia papo hapo mlangoni, na neno langu ni hili: kabla hujamfukuza haramia, angalia kwanza kama taa yako inawaka.