Ua Aliloacha Wakio

Maji ya huruma huozesha mzizi. Mnacheka, wajukuu zangu? Mmenisikia nikimwambia shangazi yenu, sasa mnataka kujua nimeyatoa wapi. Methali hii ilianza hapa hapa Wundanyi, kwenye baraza hii, na mkosaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu niolewe. Mavyaa wangu, Mghoi, alikuwa na ua kwenye kopo lililotundikwa barazani: majani manene yaliyojikusanya kama waridi, mashina yakining'inia hadi usawa wa kiuno. Lilipandwa na binti yake Wakio, aliyefariki akiwa msichana. Wakio hakuacha picha hata moja. Aliacha ua hilo.

Mavyaa akaenda Voi kumhudumia jamaa aliyejifungua, siku arobaini. "Litazame," akaniambia, basi. Nami, bibi harusi mwenye kiherehere, nilitaka akirudi aseme, huyu ndiye mkwe! Nikalimwagia maji alfajiri na jioni. Majani yakawa manjano, yakalainika. Nikadhani ni kiu, maskini mimi, nikaongeza.

Aliporudi, shina lilimkatikia mkononi. Akanusa udongo.

"Umelimwagia maji mara ngapi?"

"Kila siku, mama. Mara mbili."

"Lo! Mkamburi, umelizamisha."

Akakaa chini akalia. Nami nikalia kuliko yeye.

Kisha akafuta macho, akatafuta kichwa kimoja cha majani kilichosalia kigumu, akakikata, akakilaza dirishani juu ya ubao mkavu. Bila udongo, bila tone la maji. Siku ya sita kilikuwa kimesinyaa. Nilishindwa kuvumilia, nikachota kikombe. Akanidaka mkono.

"Kinakufa, mama!"

"Kidonda chake hakijakauka. Maji ya huruma huozesha mzizi, mwanangu. Kaa mbali."

Nikakaa mbali. Jamani, ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima! Siku ya kumi na nne tukaona mizizi myeupe, myembamba kama uzi. Mavyaa akatoboa kopo chini, akatia udongo wenye mchanga, halafu akanikabidhi mimi kile kichwa. Sikuamini.

"Panda wewe."

"Nikikiua tena, mama?"

"Hukiui. Sasa unayaogopa maji."

Nikakipanda kwa mikono hii, nikakiacha kikavu wiki nzima. Ndicho hicho kinachoning'inia juu ya vichwa vyenu, na ole wake atakayekisogelea na kikombe. Maji ya huruma huozesha mzizi.