Farasi wa Zivko

Wahenga hawakuwa na haya walipotaka kusema kweli. Walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, yaani sifa usiyoitolea jasho hukuacha uchi siku ile hasa unapohitaji kujifunika. Kwetu Coober Pedy, mji wa machimbo katika jangwa la Australia, ambako watu hulala ndani ya mwamba kwa sababu jua la huko juu halina huruma, methali hiyo ilikaa bila mwenyewe mpaka Zivko alipoivaa.

Zivko alikuwa mchimbaji wa vito vya opali, Mserbia mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala. Enzi za nguvu zake alichimba shimo moja na Lefteris, Mgiriki mwenye maneno mengi kuliko redio. Kila mchana waliweka ubao wa sataranji juu ya kasha la baruti, huko huko chini, wakacheza huku wakitafuna mkate na zeituni. Lefteris alikuwa na mazoea yake. Hatua ya kwanza alisukuma askari wa pembeni kabisa, hatua ambayo hata mtoto anajua ni ya kipuuzi, kisha akasema, "Ngoja nifungue dirisha, humu mna joto." Zivko naye alikuwa mtumwa wa farasi wake. Aliwarusha popote, hata kinywani mwa adui, na mara nyingi walimezwa.

Mchana mmoja mchezo ulifika pagumu, na zamu ilikuwa ya Zivko. Aliutazama ubao, akacheka, akainuka. "Nakwenda kuchukua maji," alisema. "Nikirudi utaona farasi wangu anakwenda wapi. Usiguse kitu." Kabla hajarudi, paa la shimo lilishuka. Lefteris alitolewa akiwa maiti. Ubao ulibaki huko chini na kete zake, shimo likafukiwa, na Zivko hakugusa sataranji tena.

Alipozeeka na kuacha kuchimba, jirani yake Desanka, mwanamke ambaye habari za mji humfikia kabla hazijawafikia wenyewe, alimfundisha kucheza mtandaoni kwa kompyuta. Alimwambia ni heri agombane na Wabrazili kuliko kuongea na kuta. Zivko akaanza, akapigwa. Alipigwa na wanafunzi, akapigwa na watu waliojiita majina ya mboga. Aibu ikamla kama mchwa. Ndipo alipoweka kwenye simu programu inayojua sataranji kuliko binadamu yeyote, akaificha mapajani. Mashine ikawa inanong'ona, yeye anatenda.

Alipaa kama moshi. Desanka akatembeza sifa zake nyumba kwa nyumba, na kila Jumapili baada ya kanisa kwa Zivko palijaa hadi jikoni. Mchezo ulionyeshwa kwenye televisheni iliyotundikwa kwenye ukuta wa mwamba, kahawa ikamiminwa, rakija, pombe kali ya kwao, ikazunguka. Hata Ante, Mkroatia ambaye hamsifu Mserbia ila amezikwa, alikiri kwamba mzee ana kichwa. Zivko aliionja sifa, akaiona tamu, akataka zaidi.

Jumapili moja aliingia mpinzani asiye na picha. Mahali pa jina palikuwa na nukta moja tu, na mahali pa mji pameandikwa Coober Pedy. Watu wakatazamana. Desanka aliapa kwamba hakuna mchezaji mjini humu ambaye yeye hamjui. Mpinzani akasukuma askari wa pembeni kabisa.

"Huyu kalewa mapema," Ante alisema, na nyumba ikacheka.

Zivko hakucheka. Vumbi jepesi la rangi ya waridi lilidondoka kutoka darini likaingia kikombeni mwake, ingawa Jumapili hakuna anayechimba. Aliinamia simu, akaifuata mashine, akashinda upesi kama mtu anayekimbia mvua.

Nukta ile ikatuma mwaliko mwingine, na safari hii mchezo haukuanzia mwanzo. Kete zilikuwa zimekwisha kupangwa, vita viko katikati. Zivko alizitambua moja moja, kama mtu anavyowatambua wanawe gizani. Ulikuwa ubao ule uliolala chini ya mwamba, ambao hakuna aliye hai aliyeuona isipokuwa yeye. Na ilikuwa zamu yake.

Chini ya ubao maneno yakajiandika: "Maji umeyapata?"

Desanka akauliza ni maji gani hayo, na huyo mtu anamjulia wapi mzee. Zivko alikuwa anamtazama farasi. Miaka yote ile, kila alipofumba macho kitandani, alimrusha farasi huyo katikati ya adui, na hakuwahi kujua kama angeshinda. Mkono wake ukaenda kwa farasi. Halafu akawaona majirani wamekaza macho ukutani, na Ante kashika kidevu, anasubiri. Akatupa jicho mapajani. Mashine ilisema malkia arudi nyuma hatua moja. Ilikuwa hatua safi, isiyo na kosa.

Akamrudisha malkia.

Vumbi likaacha kudondoka. Kisha maneno yakaja pale ukutani, mbele ya nyumba nzima: "Samahani. Nilikuwa namtafuta Zivko. Yeye angecheza farasi. Huu mkono ni wa nani?"

Desanka aliyafuata macho ya mzee mpaka mapajani, akaiona simu inang'aa. Hakupaza sauti. "Kaka Zivko," alisema polepole, "kumbe siku zote tulikuwa tunamshangilia nani?"

Zivko hakumsikia. Alikuwa anaandika kwamba ni yeye, mwenzake asiondoke, farasi anakuja. Ukuta ukajibu kwamba mchezaji huyo hayupo. Akamtafuta tena na tena, na mara zote jibu lilikuwa lile lile. Wageni waliondoka bila kumaliza kahawa, na kabla hawajafika kwao habari ilikuwa imeshafika kituo cha mafuta.

Mpaka leo, ukipita kwake mchana, utamkuta na ubao wa mbao na kiti kitupu mbele yake. Amemrusha farasi pale alipopaswa kwenda, na upande wa pili ameweka glasi ya maji. Hushika shavu, akaisikiliza dari. Glasi haipungui. Mashine ilimvisha Zivko sifa za mji mzima, lakini rafiki yake alipokuja kumtafuta, alimkuta hana hata uzi ulio wake. Aliyesema nguo ya kuazima haisitiri matako hakuwa anatania.